Mji Uliojua Kusema Ahsante Tu

Wanangu mnaokaa sasa kwenye viti tulivyoviacha sisi, mmeniuliza mji janja ni kitu gani, na kwa nini pengine unafanikiwa na pengine unabaki picha ya kutundika ukutani. Jibu la kitabuni sina. Nina habari ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, na mimi mwenyewe nilikuwemo. Isikilizeni, halafu mtapima wenyewe.

Neno hilo lilipoingia ofisini kwetu mara ya kwanza tuliitisha mkutano na wakaazi. Bwana mkubwa akasimama akaeleza kwamba sasa mji wetu unakuwa mji janja, unaoendeshwa kwa kompyuta. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akanyanyua mkono. "Janja?" akauliza. "Wajanja tunao tele humu, hata nyumba za wenzao wanauza. Hamna mji mwaminifu mkatuletea?" Ukumbi mzima ulicheka, na bwana mkubwa akacheka nao, lakini niliona anafuta jasho.

Mimi naitwa Raya. Kazi yangu ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi katika ofisi ya mji. Taka, mitaro, taa, maji, majumba yanayomomonyoka, mbuzi wa jirani, yote yalianzia kwangu. Msiniulize nani aliyeipenda kazi ile. Mtu hakujii akiwa na furaha. Anakuja keshagombana na jirani, keshagombana na mumewe, na sasa anatafuta wa kumalizia naye.

Aliyenifundisha ni Bi Nunu, Mungu amrehemu, mwanamke mnene wa pole pole aliyekuwa hapo kabla yangu. Yeye mtu akiingia anafoka, alimwacha afoke mpaka pumzi imwishie, kisha humuuliza, "Umeamkaje? Unakaa na nani huko nyumbani?" Nilidhani anapoteza wakati. Aliniambia, "Raya, lalamiko la kwanza ni la mdomoni. La pili ndilo la tumboni. Ukiandika la kwanza ukakimbia, utamtuma fundi pasipo na kazi."

Siku moja alikuja mzee wa makamo, kapiga kanzu safi, analalamika mkokoteni wa taka unapita mlango wake bila kusimama. Nyumba zote za uchochoro zinachukuliwa taka, yeye peke yake anaachwa. Nilikuwa tayari kumwandikia barua kali msimamizi wa mikokoteni. Bi Nunu akamuuliza unakaa na nani. Akasema na mkewe, na kasuku. "Kasuku anasema?" Bi Nunu akauliza. Mzee akababaika kidogo. Tulikwenda kuangalia. Kasuku yupo dirishani, na kila mkokoteni ukipita anapiga ukelele, "Mwizi! Mwizi huyo!" Kijana wa mkokoteni, maskini, alikuwa kachoka kuitwa mwizi mbele ya mtaa mzima kila asubuhi. Kasuku akahamishiwa uani na taka zikachukuliwa.

Nakwambieni hayo kwa sababu miaka ilipopita, Bi Nunu keshastaafu, zikaja simu. Mwananchi asije tena ofisini. Apige picha, achague aina ya tatizo, atume. Lalamiko linaingia kwenye kompyuta, linakwenda idara inayohusika, na ukutani kwenye chumba cha bwana mkubwa kuna skrini kubwa yenye ramani ya mji. Tatizo jipya lina alama nyekundu. Likimalizwa linageuka kijani. Kijana aliyeletwa kuusimamia mtambo huo alikuwa Haji, mtu wa Makunduchi, kasomea kompyuta hasa, mpole, akicheka anaziba mdomo kama anaona haya. Tulikaa meza moja. Nilimpa habari ya kasuku akacheka mpaka akatoka nje. Aliporudi alisema, "Bi Raya, kwenye programu hii hamna kifungu cha kasuku."

"Basi tia," nilimwambia.

"Nitatia 'Mengineyo'."

Mtu asikudanganyeni kwamba sisi wazee tulikuwa tunauchukia mtambo. Mimi niliupenda. Mama mwenye mtoto mchanga hakulazimika tena kuja kupanga foleni juani. Kiziwi wa mtaa wa pili, ambaye kila siku tulikuwa tunapigiana kelele bila kuelewana, sasa alituma picha ya shimo lake na tukaelewana mara moja. Lakini mwanzo wake ulikuwa na vituko.

Waliotengeneza programu ni wenzetu wa Bara, na wao kwa Kiswahili chao mfereji ni njia ya kupita maji machafu. Kwetu Unguja mfereji ni ule unaoufungua ukateka maji. Walitia kitufe kimeandikwa "Mfereji umeziba." Wiki ile maji yalikuwa ya shida, na mji mzima ukabonyeza kitufe hicho. Mafundi wa mitaro wakatoka na masepetu yao. Wanafika nyumbani kwa mtu, mama kasimama mlangoni na ndoo tupu.

"Tumekuja kuzibua mfereji."

"Karibuni wanangu, zibueni, tangu juzi hatujaoga."

Wanaangalia chini, hamna mtaro. Mama anaangalia masepetu, anajiuliza tangu lini maji yanachimbwa ukutani. Haji aliligeuza neno siku ile ile, akaandika "mtaro" palipo mtaro na "mfereji" palipo mfereji.

La pili likawa ramani. Mnavijua vichochoro vyetu, kuta zimepanda juu na mbingu inabaki utepe. Simu ikiwa chini huko haijui iko wapi. Tulipokea taa mbovu iliyokuwa katikati ya bahari, na paka aliyekufa juu ya paa la msikiti. Haji hakukata tamaa. Alimchukua sheha, yule kiongozi wa mtaa anayejua nani kazaliwa na nani kahama, akazunguka naye kwa miguu, na kila uchochoro akauandika kwa jina wanaloliita wenyewe wanaokaa humo, hata kama jina lenyewe ni la mshona viatu aliyekufa zamani. Baada ya hapo mtu hakuhitaji kuiamini simu. Alichagua jina la uchochoro wake, na fundi alifika.

Basi tukaendelea vizuri, malalamiko yanamiminika. Halafu yakaanza kupungua. Mwezi kwa mwezi yanapungua, na skrini ya bwana mkubwa inazidi kuwa kijani. Bwana mkubwa wetu tumwite Bwana Nassor. Hakuwa mtu mbaya, na naomba mlishike hilo. Alikuwa mtu mwenye hofu nyingi, na juu yake kuna wakubwa wengine waliotaka kuona kijani. Alisimama mbele ya ramani ile mikono nyuma kama mtu anayetazama shamba lake la karafuu.

"Unaona, Bi Raya? Mji umetulia."

Mimi sikuona mji uliotulia. Asubuhi nikija kazini kwa miguu nakanyaga maji yale yale niliyoyakanyaga mwaka uliopita. Nilimwambia Haji, "Twende tukazunguke. Watu wa mji huu hawajawahi kukaa kimya kwa sababu wameridhika."

Tulizunguka asubuhi nzima. Kwenye baraza moja ya mawe walikaa kinamama wanachambua mchele, nikawauliza mbona siku hizi hamtuandikii. Mmoja akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu yake, akanionyesha. Kila alipotuma, jibu lilirudi papo hapo: Ahsante, lalamiko lako limepokelewa. Chini yake tena: Ahsante, lalamiko lako limepokelewa. Na tena.

"Ahsante zenu zimenijaa simu nzima," alisema, "na maji machafu bado yamo ukumbini kwangu. Sasa mimi nataka nini na ahsante? Nkapike?"

Haji alikuwa ndiye aliyeiandika ile ahsante. Mmoja wao akatwambia, "Kama mnataka kuona hasa, nendeni kwa Bi Shemsa. Huyo kalalamika mpaka kachoka."

Bi Shemsa nilikuwa namjua kwa jina. Ukoo wao ulikuwa na mashamba na maduka zamani, sasa ilibaki nyumba hiyo tu, nyumba ya mirathi ya ghorofa mbili, na ndugu zake wametawanyika Maskati na kwengineko. Alikaa vyumba vya chini yeye na mjukuu wake Nasra, msichana mwalimu wa skuli. Tukapiga hodi.

"Shikamoo Bi Shemsa."

"Marahaba. Nyinyi ndio wale wa ahsante?"

Alitupitisha ukumbini mpaka ukuta wa nyuma. Wanangu, nilitia kiganja kwenye ukuta ule, kikarudi na chokaa laini imelowa kama ugali. Ufa ulianzia sakafuni ukapanda mpaka kwenye boriti za dari, na pembeni boriti moja ilikwisha teleza kutoka kwenye tundu lake. Chini ya ukuta huo, upande wa ndani, palikuwa na kitanda cha Bi Shemsa. Upande wa nje ni uchochoro ambao watoto hupita kwenda chuoni kusoma Kurani.

"Umeripoti?" Haji aliuliza.

Nasra ndiye aliyejibu. Alikuwa karipoti mara tatu, kwa adabu na picha. Kwanza aliona maji yanachuruzika chini ya ukuta, akaripoti mfereji unaovuja. Kisha mtaro wa nje ukajaa, akaripoti mtaro. Mwisho ufa ukatokea, akaripoti nyumba ya hatari.

Haji akakaa kwenye baraza, akafungua kompyuta yake mapajani. Akatafuta la kwanza: kijani. La pili: kijani. La tatu: kijani. Idara ya maji iliandika kwamba maji hayo yanatoka mtaroni, si kazi yao, wakafunga. Watu wa mitaro wakaandika mtaro umejaa kwa sababu bomba la chini linavuja, si kazi yao, wakafunga. Watu wa majumba wakaandika nyumba ni ya mtu binafsi na chanzo ni maji, wakafunga. Kumbe bomba lilivuja chini ya uchochoro, maji yakakosa pa kwenda kwa sababu mtaro umeziba, yakaingia kwenye mguu wa ukuta. Kila mmoja alisema kweli, na nyumba ilikuwa inakaa juu ya kweli zao tatu.

"Mtambo wangu ndio uliowaruhusu," Haji alisema. "Ukiandika 'si letu', linageuka kijani."

"Mtambo ulifanya ulivyoambiwa," nilimjibu. "Inuka. Masika haya hapa."

Tulikwenda moja kwa moja kwa Bwana Nassor. Mtatusamehe, hatukupita kwa katibu wake. Haji akaomba kitu kimoja: zile alama tatu zirejeshwe nyekundu na ziwe moja, na idara tatu zikae meza moja. Bwana Nassor akatazama ramani yake.

"Wiki ijayo nina wageni wanakuja kuiona hii," alisema kwa sauti ya chini. "Nchi nzima wameambiwa Unguja imefanikiwa. Nitawaonyesha wekundu?"

Kama Haji angetaka kubishana, angeshindwa. Yeye hakubishana. Alisema, "Bwana, twende ukauone ukuta. Ukirudi ukasema kijani, nitaacha kijani."

Nilidhani atakataa. Alitia viatu vyake, akaja. Alipofika alifanya kama nilivyofanya mimi, akatia kiganja ukutani. Kisha akakiangalia kitanda, na mto wa Bi Shemsa wenye foronya ya kudarizi, na juu yake ile boriti iliyoteleza. Akauliza, "Unalala hapa?"

"Nnalala hapa tangu nilipoolewa humu humu kwetu."

"Mama, leo usilale hapa."

Sasa hapo ndipo penye fundisho lenyewe, na wala si la kompyuta. Bi Shemsa alikaa juu ya kitanda kile kile, akakunja miguu, akasema, "Sitoki."

Mhandisi alikuja akamweleza. Sheha akaja akamsihi. Nasra alilia. Bi Shemsa haondoki. Mimi nikafanya alivyonifundisha Bi Nunu. Nilikaa naye chini, nikaomba kahawa, nikamuuliza habari za nyumba, nani kazaliwa chumba gani, nani kafia ghorofani. Tulikaa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Ndipo akasema.

"Unaiona nyumba ya pembeni ile? Hoteli. Zamani alikuwa akikaa shoga yangu. Waliambiwa tokeni tutengeneze, mtarudi. Wakatoka na magodoro yao. Kafa huko alikohamia, hajarudi. Mimi nikitoka hapa, Bi Raya, sirudi. Bora ukuta uniangukie nikiwa mwenye nyumba."

"Waliokwambia wenzio watarudi ni nani?"

"Sijui. Walikuja watu. Walikuwa na makaratasi."

Alisema kweli. Hakuiogopa nyumba. Alituogopa sisi. Na mtambo wetu, pamoja na ramani zake zote, haukuwa na kitufe cha hofu ile.

Nilirudi nikamweleza Bwana Nassor. Aliuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kumsikia akiuliza: "Atataka nini ili atuamini?" Nikamwambia kamuulize mwenyewe.

Alimuuliza. Bi Shemsa akataja masharti yake akihesabu kwa vidole. Ufunguo wa mlango mkubwa akae nao yeye. Ahadi ya kurudi isemwe na Bwana Nassor kwa mdomo wake, barazani, mbele ya jirani na sheha, isiletwe na mtu mwenye karatasi. Na kila Ijumaa apate habari ya nyumba yake, hata kama habari yenyewe ni kwamba hakuna kilichofanyika. "Msinifiche," alisema. "Mkinificha nitarudi nilale hapo hapo."

Kesho yake baada ya alasiri uchochoro ulijaa. Bwana Nassor alisimama kwenye baraza, ametoka jasho kama siku ile ya mkutano wa wakaazi, akasema: "Nyumba hii ni ya Bi Shemsa na nduguze. Anatoka kwa sababu ya ukuta. Ukuta ukitengemaa atarudi. Akiwa hakurudi, mimi hapa mnanijua, na kwangu mnapajua." Alipomaliza hakupigiwa makofi. Watu walimwangalia tu kama wanaomkariri sura. Bi Shemsa akafunga mlango, akautia ufunguo ndani ya kanga, akaingia na Nasra kwenye gari ya mdogo wake wa kike anayekaa Kidichi, kwenye mashamba ya viungo. Akalalamika njia nzima kwamba Kidichi kuna mbu na kimya kingi.

Idara ya maji ilifunga bomba. Watu wa mitaro wakazibua. Watu wa majumba wakaweka magogo ya kuzuia ukuta na kamba ya kuziba uchochoro. Haji akawatumia ujumbe wakaazi wa mtaa ule peke yao, kwa maneno ya kawaida, msipite hapa, ukuta ni mbovu, na sheha akazunguka mlango kwa mlango kwa wasio na simu na kwa mwalimu wa chuo. Mvua ikaanza siku ile ile.

Ukuta ulianguka asubuhi moja ya mvua kubwa, saa ambayo watoto wa chuoni kwa kawaida wanapita. Nilikuwa ofisini niliposikia, nikakimbia na viatu mkononi. Mawe yalijaza uchochoro mpaka magotini, vumbi la chokaa linageuka matope. Ndani kitanda hakikuonekana. Mwalimu wa chuo alikuwa kasimama ng'ambo na wanafunzi wake, wote wazima, kawapitisha njia ya mbali kama alivyoambiwa. Haji alikuja akasimama karibu yangu. Alitazama pale palipokuwa na kitanda, akachuchumaa, akaficha uso kwenye magoti. Nilimwekea mkono begani. Mtu akifanya kazi ya mitambo haoni mara nyingi yule aliyepona kwa ajili yake.

Bwana Nassor alimpigia simu Bi Shemsa mwenyewe. Nilimsikia anamwambia, "Mama, ukuta umeanguka. Ahadi yangu haikuanguka."

Kuahidi ni rahisi, wanangu. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko tulivyodhani. Ndugu wa Maskati ilibidi watafutwe mmoja mmoja wakubali. Mafundi wanaojua kujenga kwa mawe na chokaa si wengi, na chokaa yenyewe haitaki haraka, lazima ilowekwe iive. Kila Ijumaa nilimpigia. Kuna Ijumaa niliyomwambia, "Bi Shemsa, wiki hii hakuna, chokaa haijaiva." Nilitarajia matusi. Alisema, "Basi iacheni iive. Haya, habari za wanao?" Nilikata simu nikashangaa. Kumbe watu wanavumilia kuchelewa. Wanachoshindwa kuvumilia ni kudanganywa.

Huku ofisini Haji aliubadilisha mtambo. Ile ahsante aliifuta. Badala yake aliandika jina la mtu anayeshughulika na lalamiko na siku atakayokujibu. Idara ikisema "si letu" haiwezi tena kufunga, lazima impate mwenye nalo na akubali kulipokea. Na jambo kubwa kuliko yote, kufunga tukampa mwenyewe aliyelalamika. Yeye ndiye anayesema limekwisha au bado. Idara hazikupenda. Wageni walikuja wakakuta ramani imejaa wekundu kama shamba la pilipili, na mmoja akauliza kumetokea nini. Bwana Nassor akamjibu, "Watu wameanza tena kutwambia." Sijui kama mgeni alielewa. Mimi nilikuwa nyuma na trei ya chai, nusura niiangushe kwa furaha.

Bi Shemsa alirudi mwaka uliofuata, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Ukuta ulikuwa mpya, umepakwa chokaa nyeupe, boriti zimekaa matunduni. Alitoa ufunguo, akafungua, akaingia na mguu wa kulia. Alizunguka, akapigapiga ukuta na vidole kama mtu anayechagua tikiti. Haji akampelekea Nasra swali kwenye simu: je, tatizo limekwisha? Nasra akamsomea bibi yake.

"Mwambie bado," alisema Bi Shemsa.

"Bado nini, bibi?"

"Maji ya mvua ya lile hoteli yanatiririkia kwangu. Nimeyaona kwa macho yangu. Waje wayaone."

Bwana Nassor, aliyekuja kwa sherehe ya kumkaribisha, alivua kofia, akajikuna kichwa, akamwita mtu wa mitaro.

Mnaona nyinyi mnatumia vyombo ambavyo sisi hatukuviota. Vitumieni, ni vizuri. Lakini mkiketi kupanga, kabla ya kuuliza mtambo unaweza nini, ulizeni idara zenu zinazungumza au zinasukumiana. Ulizeni maneno yenu ni ya watu wenu au ya kuazima. Ulizeni asiye na simu anafikiwa na nani. Na mwisho ulizeni kama watu wana sababu yoyote ya kukuaminini. Hilo la mwisho ndilo gumu, na siku lilipoanza kutimia kwetu nililiona kwa macho, kwa hiyo nitakusimulieni nikae kimya.

Ilikuwa wiki chache baada ya Bi Shemsa kurudi. Nipo mezani, wakaingia bwana na mkewe wa mtaa wa nyuma, na mama yao mzee wamemshika mkono. Sikuwa nawajua. Hawakuwa wametuma kitu chochote kwenye simu. Mwanamke aliweka ufunguo mkubwa wa chuma mezani kwangu, lakini kidole hakukiondoa juu yake.

"Nyumba yetu ina ufa," alisema. "Tumekaa nao miaka, tulikuwa tunaufunika na pazia mkija. Tumesikia kwa Bi Shemsa. Tunataka kutoka. Ila tunataka maneno yale yale mliyomwambia yeye, na yasemwe pale pale kwetu, watu wasikie."

Nilikwenda kumwita Bwana Nassor. Alikuwa amesimama mbele ya ramani yake. Nilipomweleza hakuitazama tena. Alichukua kofia yake juu ya meza, akamshika yule mama mzee mkono wa pili, na wakatoka.